Ditekta inalia ovyo kwenye mchanga wa bahari, na kuna pete ya jirani naitafuta hapa Malindi

nahodha_mdogo

Asalam aleikum wadau. Niko Malindi, kazi yangu ni boti za kioo, nabeba watu kwenda kuona samaki kule hifadhini. Kila msimu hakukosi mtu anaangusha pete ama cheni majini na sisi hatuna la kumsaidia zaidi ya kupiga mbizi na kupapasa mchanga kwa mkono, mara nyingi tunatoka mikono mitupu na mtu anaondoka analia. Mwaka huu nikasema basi, nikajikusanya nikanunua mashine ya kutafuta vyuma, ditekta, used, kwa mtu wa Mombasa akaniapia ni ya baharini. Kufika nyumbani nasoma kitabu chake nakuta ni ile sahani ya chini peke yake ndo inaruhusiwa kuingia majini, kile kisanduku cha juu chenye kioo na betri hakitaki hata tone. Hilo nimeshalimeza.

Shida yangu ni hii. Mchanga mkavu inafanya kazi poa, nikifukia shilingi inaiona. Nikishuka tu kwenye mchanga uliolowa inaanza kulia yenyewe, inalia kushoto inalia kulia, nikiinua sahani inalia, nikishusha inalia, mpaka sijui chuma ni kipi na maji ni yapi.

Na kuna jambo linaninyima usingizi. Idd mosi jioni mama mmoja jirani yetu alikuwa na watoto ufuo wa mjini, kaskazini ya jeti, akaingia na wanawe hadi maji ya kiuno na pete ikamponyoka. Pete ya dhahabu, nyembamba, aliachiwa na marehemu mamake. Nimeenda siku tatu mfululizo, nangoja maji yatoke kabisa saa nne saa tano asubuhi, naingia mpaka kiunoni natafuta huku nimebeba kisanduku juu ya bega. Nimepata vifuniko vya soda tu. Mashine nimeiweka ikatae foili na takataka ndogo ndogo ili isinichoshe. Leo ni siku ya tisa tangu Idd. Nakosea wapi jamani?

fundi_Maweni

Kwanza hongera kwa moyo huo kaka. Mimi si mtu wa ditekta lakini nachomelea vyuma, kama unachimba kwa mikono utachoka na utakatwa na chupa. Tengeneza lichota la kuchotea mchanga: tafuta kipande cha bomba la stenlesi la upana wa shibiri moja, ziba upande mmoja, toboa matundu ya milimita 10 hivi kotekote, pete haipiti hapo lakini mchanga unatiririka wote, kisha weka mpini mrefu. Chuma cha kawaida usitumie, chumvi italila kwa msimu mmoja. Njoo karakana tutengeneze, kwa kazi hiyo nitakutoza vyuma tu, ufundi ni juu yangu.

mwana_wa_Shela

Waalaikum salaam mwanangu. Nimesoma uliyoandika mara mbili, na naona unahangaika mahali pete haipo. Mashine yako ina udhaifu wake lakini si yo iliyokukosesha. Nianze na pete kwanza, mashine baadaye, maana pete ina haraka.

Idd ya kufungua ni mwezi mosi. Mwezi ukiandama ni bamvua, yale maji yanayojaa sana na kutoka sana, hilo wewe baharia walijua. Na bamvua pwani yetu hii maji hujaa kwenye saa kumi, kumi na moja jioni, na hutoka saa nne saa tano asubuhi. Huyo mama aliingia jioni. Kwa hivyo aliingia maji yamejaa! Maji ya kiuno ya jioni ile hayakuwa mahali pamoja na maji ya kiuno ya saa nne asubuhi. Bamvua, kutoka maji makavu hadi maji kujaa, hupanda zaidi ya mita tatu kwenda juu, na ufuo wenu wa Malindi ulivyo bapa hizo mita tatu ni mwendo wa hatua mia au zaidi. Wewe ulikuwa ukitafuta kule chini kabisa, na mahali aliposimama yeye ulipakanyaga kila asubuhi ukiteremka.

La pili, watu watakwambia ngoja bamvua ijayo ndipo ufuo ufunguke. Kwa kutafuta vitu vya zamani kule chini ni kweli. Kwa pete hii usingoje. Siku ya tisa ni maji mafu, na maji mafu hayajai sana wala hayatoki sana, yanacheza pale katikati. Pahali palipokuwa na kina cha kiuno siku ya Idd, maji mafu hupafikia kwa kulamba tu, na saa zake zimegeuka, yanajaa asubuhi na kutoka kwenye saa kumi jioni. Una mchana mzima wa mchanga uliochuja, na mchanga ukichuja chumvi ile kelele inapungua, hata mashine yako hiyo itakufaa. Lakini una siku chache. Mwezi ukipevuka bamvua inarudi, mawimbi yatapafikia tena, na dhahabu haisogei sana lakini inazama. Mchanga ukitikiswa na wimbi unakuwa kama uji, na dhahabu ni nzito mara saba ya mchanga, inashuka tu mpaka ikutane na kitu kigumu. Kopo la soda utalikuta lilikosukumwa na maji. Pete hukaa pale pale, ikishuka.

Sasa utajuaje alisimama wapi? Bamvua ile iliacha mstari wa mwani na taka juu ya ufuo, na maji mafu hayajaufikia, kwa hivyo bado upo. Nenda kautafute leo kabla watu wa kufagia ufuo hawajautoa. Kutoka mstari huo shuka mpaka mahali ambapo ni chini yake kwa kimo cha kiuno cha huyo mama. Muulize kwa adabu kiuno chake kinakuja wapi, usipime kwa chako. Ongeza kidogo, kama shibiri moja na nusu, kwa sababu wimbi hurusha mwani juu kuliko maji yenyewe yalipotulia.

Kuhusu kelele. Maji ya chumvi yanapitisha umeme. Mashine yako inatumia masafa mamoja tu, yaani frikwensi moja, inatuma wimbi chini na kusikiliza kinachorudi, na chumvi inarudisha sauti kama chuma chepesi, haiwezi kutofautisha. Kuna mashine za masafa mengi kwa pamoja, mimi natumia Minelab Equinox 600, hizo zinalinganisha majibu ya masafa tofauti na kuitoa chumvi hesabuni, na nzima nzima inazama hadi mita 3. Halafu kuna aina ya tatu, ya mapigo, kama Garrett Sea Hunter, hiyo wapiga mbizi wanashuka nayo zaidi ya mita 60. Hiyo inapiga pigo la umeme kisha inanyamaza kidogo ndipo isikilize. Mfano wake ukigonga kigae na kengele kwa wakati mmoja, ukangoja kidogo, kigae kishanyamaza na kengele bado yalia. Chumvi ni kigae. Ila kwayo utachimba kila msumari wa jahazi uliozama tangu babu zetu, maana haichagui chuma vizuri. Wewe hapo ulipo usinunue kitu bado, shusha ukali wa mashine hadi nusu au chini ya nusu, iache isomee ardhi, yaani ijirekebishe kulingana na mchanga, pale pale kwenye mchanga uliolowa, si nyumbani, na sahani itembeze sambamba na mchanga usiinyanyue mwisho wa kila mzunguko kama mtu anayefagia. Simu itoe mfukoni. Kina kitapungua, sawa, pete ya siku tisa haijaenda mbali.

Na hilo la kukataa foili, liondoe leo leo. Pete nyembamba ya dhahabu na ile karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara zinalia sauti moja. Ukikataa moja umekataa zote mbili. Pete za fedha wanazovaa wanaume wetu huku zinalia juu na wazi, hizo rahisi. Dhahabu nyembamba inalia chini, kwa unyonge. Chimba kila kinacholia mara mbili mahali pamoja ukija kwa huku na ukija kwa kule.

fundi_Maweni

Mzee wangu wa Shela umenifungua macho, siku zote naenda Idd na sijawahi kuunganisha mwezi na maji namna hiyo. Kaka nahodha kwa hilo la kushuka kwa kimo cha kiuno usikadirie kwa macho, ufuo bapa unadanganya. Chukua mpira wa leveli wa mafundi wa nyumba, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Mmoja ashike ncha moja kwenye mstari wa mwani, mwingine ateremke na ncha ya pili na fimbo, maji ya ndani ya mpira yakilingana pande zote mbili pima kutoka mchangani hadi usawa wa maji yale kwenye fimbo. Ikifika urefu unaoutaka chomeka kigingi. Ninao wa mita 30, ikiungwa miwili inafika. Nitakuja nao.

chambo_ya_leo

Wote mnahangaika na kipete kimoja wakati Ngomeni pale kuna meli nzima ya Mreno chini ya maji! Wavuvi wanapajua. Mtu mwenye ile mashine ya kuzama mita 60 si angeenda pale usiku mmoja akamaliza shida zake? Mambrui nako walitoa pesa za Wachina. Nauliza tu kwa sababu watu wa kwetu ndio wanabaki maskini.

mwalimu_wa_Gede

@chambo_ya_leo ndugu yangu uchungu wako nauelewa, mimi nafundisha historia na watoto huniuliza swali hilo hilo. Lakini ngoja nikueleze vizuri kwa sababu mtu anaweza kukusoma akaingia matatani.

Ile meli ya Ngomeni iko kama mita 500 kutoka ufuoni, kina cha mita 6 hivi, na walichotoa pale ni mikuo ya shaba, yaani vipande vya shaba ghafi, na pembe za ndovu. Wataalamu wanadhani huenda ni São Jorge, ya msafara wa tatu wa Vasco da Gama, iliyozama 1524, na bado wanafanya kazi ya kuthibitisha. Hakuna kasha la dhahabu linalokungoja. Kilichopo ni mbao na shaba na jinsi zilivyolala, na kulala kwake ndiko kunakosimulia. Ile sarafu ya Mambrui, ya mfalme Yongle wa Uchina, ilitolewa 2010 kwa kuchimba pole pole tabaka kwa tabaka, ya Manda kule Lamu vivyo hivyo 2013. Ni kijisarafu chenye tundu la mraba katikati, ukikipeleka sokoni hakikulishi mwezi. Lakini kwa kuwa kilikutwa mahali pake, tunaweza kusimama mbele ya dunia tukasema watu wetu walifanya biashara na Uchina miaka mia sita iliyopita. Mtu angekichomoa usiku na ditekta akakitia mfukoni, hicho kisa kingekufa pale pale. Mimi hilo linaniuma kweli.

Na sheria iko wazi. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 inasema kitu chochote kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895 ni kitu cha kale, na kutafuta vitu vya kale bila leseni ni kosa. Meli iliyozama zaidi ya miaka 50 nayo inaweza kulindwa na sheria hiyo. Ukikikuta kwa bahati, bila kukusudia, unatakiwa utoe taarifa Makumbusho na ueleze umekikuta wapi hasa. Kwa hivyo nahodha, ukichimba pete ukatoka na reale ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa, au pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar, usiisugue, usiioshe na ndimu, piga picha ilivyo mahali ilipo, weka alama, kisha Makumbusho. Lamu wapo na Malindi wapo.

Magofu usisogee na hiyo mashine hata kwa kuangalia tu. Mzee wa Shela atakubali, na yale machuguu ya kwao Lamu pia, vile vilima vya mchanga, pale palipiganwa vita vya Shela na mifupa ya watu ilibaki mchangani miaka mingi.

mwana_wa_Shela

Nakubali mwalimu, na Mungu akulipe. Mimi machuguu yale siingii na mashine kamwe, yanalaza wafu na yanatulindia maji matamu ya mji mzima wa Lamu, mtu hachimbi pale. Mimi ni ufuoni tu, chini ya mstari wa mwani, na nikiwa na ruhusa. Nahodha, jambo moja nimesahau: pita kwa watu wa BMU, ile kamati ya kusimamia ufuo, na kwa chifu kabla hujaanza, uwaambie unatafuta pete ya nani. Mtu aliyevaa hedifoni anatembea ufuoni peke yake na kitu kinalia, huku kwetu ashaulizwa maswali mengi. Mimi usiku sitafuti kabisa. Pia usiku ndipo kasa hupanda kutaga, na ukichimba juu ya kiota umeua mayai mia.

nahodha_mdogo

Wallahi nimesoma nikasimama. Siku ya Idd maji yalikuwa yamejaa, nilikuwepo! Boti yangu ilikuwa imefungwa juu kabisa na mimi mwenyewe niliivuta. Na bado nikaenda kutafuta kule chini. Kiuno cha mama ni sentimita 95 kutoka chini, alinipimia binti yake. Mstari wa mwani upo, nimeuona leo, umekauka umejaa vijiti na sapatu za watoto. Kesho na fundi tunaweka vigingi.

Swali, mchanga wetu una vile vitu vyeusi vinavyong'aa kama baruti, huwa vinakaa kwa mistari. Nikipitisha sahani juu yake inanguruma. Hilo nalo ni chumvi?

mwana_wa_Shela

Hapana, hiyo ni mali ya mto Sabaki. Mto unatoa mchanga bara na ndani yake kuna chembe nzito za chuma, wimbi linachukua mchanga mwepesi na kuziacha hizo nyeusi kwa mistari. Chukua sumaku, ifunge ndani ya mfuko wa plastiki, ipitishe juu, utaona zinavyoganda kama ndevu. Ukitoa sumaku ndani ya mfuko zinaanguka. Ukipita juu ya mstari mweusi ipe mashine nafasi isomee ardhi upya. Na mstari mweusi usiuruke, mahali wimbi lilipoacha chembe nzito ndipo linapoacha vitu vizito. Vile vinavyong'aa kama dhahabu vinaelea elea kwenye maji ni maika tu, mashine haiisikii.

Sabaki huo huo ndio unaofanya ghuba yenu iwe ngumu kwa mtu anayetafuta pesa za zamani za mkoloni. Upepo wa kaskazi ukivuma mkondo unashusha tope la mto kuja kwenu, maji yanakuwa kahawia, na ufuo unazidi kukua mwaka hadi mwaka. Wazee wenu watakuonyesha mahoteli yaliyokuwa yakiguswa na bahari, leo yana mchanga na vichaka mbele yake. Kilichoanguka majini zamani sasa kiko nchi kavu chini ya mchanga wa kimo cha mtu na zaidi. Kwa hivyo ukitafuta pale tafuta vya mwaka huu, vya watu walio hai. Na usiende kujifunzia mlangoni mwa Sabaki, viboko wapo.

Siku ukipata mashine ya kuzama ndipo uingie majini, na hapo ni elimu nyingine. Ingia ukiburuta nyayo, usinyanyue mguu, kwa sababu samaki taa hujifukia mchangani na ukimkanyaga utaujua mwiba wake, ukiburuta anakimbia. Vaa viatu. Usipite kifua. Mawimbi usiyape mgongo. Ukisikia sauti weka mguu wako nyuma kidogo ya mahali pale, lichota liingie mbele ya kidole gumba, nyanyua pole pole ili mchanga uchujwe ukiwa bado ndani ya maji, kisha pitisha sahani tena kwenye shimo usikie kama bado kinalia. Majini shimo linajifunga kwa wimbi mbili tu, ndiyo maana mguu usiutoe. Hedifoni ziwe za waya na za maji, hizi zisizo na waya sauti yake haipiti ndani ya maji hata kiganja. Ukirudi nyumbani osha mashine yote kwa maji matamu kabla hujala, na usifungue betri ufuoni, chembe moja ya mchanga kwenye ule mpira wa kuzuia maji inatosha kuingiza bahari ndani.

Na jizoeze. Funga pete ya mkeo kwa mshipi, fukia vidole vitatu, kisha kiganja, kisha viganja viwili, kando yake fukia kifuniko cha soda na karatasi ya sigara, sikiliza mpaka masikio yazoee. Mshipi usisahau.

nahodha_mdogo

Wadau, nimechelewa kuandika, niwieni radhi, mikono ilikuwa haitaki kushika simu.

Siku ya kwanza tulipima na mpira wa fundi, tukaongeza shibiri moja na nusu kama alivyosema mzee, tukapata mahali ni hatua 31 kutoka mwani. Mimi ningekisia hatua kumi na tano. Mama alikuja mwenyewe akasimama akatazama jeti akatazama ule mnazi uliopinda akasema ni hapa hapa au kidogo kushoto. Tukafunga kamba tukagawa uwanja wa hatua 20 kwa 12, mistari ya mita moja moja. Mashine ikawa imetulia, inanong'ona tu kidogo kwenye ule mstari mweusi. Siku ya kwanza vifuniko vya soda 26, chubwi 4 za risasi, shilingi tano moja imeota kutu, na karatasi za sigara tele. Kila nikisikia ile sauti ya chini moyo unaruka nachimba natoa karatasi. Nilichimba karatasi kumi na moja. Ya kumi na mbili jua lilikuwa kali nikasema hii najua ni karatasi, nikapita. Nikapiga hatua mbili nikakumbuka maneno ya mzee nikarudi.

Siku ya pili hakuna. Nimeruka mbele kidogo, hiyo ya kumi na mbili nayo ilikuwa karatasi.

Siku ya tatu tukageuza kamba tukaanza kupita kwa upana badala ya urefu. Kwenye saa tisa, karibu na kigingi cha kushoto, nikasikia sauti ndogo, nikigeuka nikija kwa upande mwingine ipo, mahali pale pale. Nikachimba lichota moja, mchanga ukamwagika wote, ndani kukabaki kombe mbili na kipande cha mwani. Nikapitisha sahani kwenye shimo, bado inalia. Lichota la pili nikalitikisa, nikasikia kitu kimegonga chuma, tii. Imekaa kwenye tundu moja la fundi, imesimama wima, haijabadilika hata rangi, ina mchanga mweusi ndani ya duara. Kina chake hakikufika shibiri moja.

Sikuishika. Nililibeba lichota lile hivyo hivyo mpaka kwa mama pale chini ya mnazi akaitoa yeye mwenyewe kwa vidole vyake. Aliivaa akaizungusha mara tatu nne, hakusema kitu muda mrefu, kisha akasema mamangu alikuwa akiivua akikanda unga akiiweka kwenye kikombe cha chai. Fundi aligeuka upande wa pili.

Mzee wangu wa Shela sijui nikwambie nini, Mungu akuweke. Jumamosi nilimpelekea chifu habari, nao BMU wakaniambia nikiwa nataka kuendelea niandikishe jina kwao.

Sasa kuna mtu wa Watamu amepata namba yangu, bangili ya mkewe imeanguka walipokuwa wanaogelea ndani ya hifadhi ya bahari, kwenye matumbawe. Anasema twende asubuhi mapema. Namjibu nini?

mwalimu_wa_Gede

Alhamdulillah! Nimewasomea wanafunzi wangu hiyo ya hatua 31.

Kwa huyo wa Watamu mwambie kwanza aende ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori, atoe taarifa ya bangili, siku na mahali. Hifadhi ni hifadhi tangu 1968, hakuna kuchimba mle wala kutoa kitu, na mashine huwezi kuingiza bila wao kukuruhusu. Wakikubali huenda wakakupa askari wa kwenda naye. Wakikataa ndiyo basi. Asubuhi mapema msiende.

mwana_wa_Shela

Na muulize alipoogelea maji yalikuwa yanajaa au yanatoka, na saa ngapi. Kabla ya KWS hawajajibu wewe ushajua pa kuangalia.

Lichota umeliosha?

nahodha_mdogo

Nimeliosha mzee. Na mashine.